Kopo la Tano

Kwanza tuelewane: baba yangu hakuwa na almasi. Nalisema mapema kwa sababu hapa Maganzo ukimtaja marehemu Mzee Sostenes, kabla hujamaliza jina kuna mtu ataguna, "Hmm, yule mzee wa mawe." Mawe gani? Nimekaa kwenye nyumba ile miaka ishirini kabla sijaolewa Kagongwa, nimefua suruali zake na kupekua kila mfuko kabla ya kuziloweka, na sijawahi kukuta jiwe. Nilikuta mipira ya gofu, vijiti vya kuwekea mpira, na peremende za wadogo zangu zilizoyeyuka zikagandamana na kitambaa. Hayo ndiyo mawe yake.

Baba alimpenda mke wake, watoto wake na gofu, kwa mpangilio huohuo, na alikuwa akiusema mbele ya yeyote. Aliingia mgodi wa almasi wa hapa jirani akiwa kijana, kazi yake kubeba mikoba ya wakubwa waliokuwa wakicheza gofu, baadaye akafanywa mtunza uwanja. Nchi yetu ni kavu, majani mazuri hayaoti hata uyabembeleze, kwa hiyo kuzunguka kila shimo walitandaza mchanga uliokorogwa na oili chafu ya magari. Unakuwa mweusi, laini, mpira unatambaa juu yake vizuri kabisa. Mkorogaji wa mchanga huo alikuwa baba. Alistaafu na harufu ya oili kwenye kucha, haikutoka mpaka anakufa.

Siku ya kuagwa walimpa fimbo tatu kuukuu. Alirudi nazo kazifunga kwenye baiskeli, mama akazitazama akauliza, "Baba Salvina, ndicho kiinua mgongo chenyewe hiki?" Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Nyuma ya nyumba tuna eneo la kuchungia mbuzi. Humo alichimba mashimo yake matano, na katika kila shimo akazamisha kopo la maziwa ya unga, mdomo juu, la kupokelea mpira, akalizungushia mchanga uleule wa oili. Makopo hayo yalikuwa ya mdogo wangu Marcel. Mama alipomzaa Marcel, kitinda mimba, aliugua na maziwa hayakutoka, daktari akasema mtoto anyweshwe ya kopo. Baba ndiye aliyekuwa akiyakoroga. Anapima kwa kijiko, anadondosha tone mgongoni mwa mkono kuona kama ni ya moto, anamnywesha. Mwanaume mzima wa Kisukuma na chupa ya mtoto! Wenzake walimcheka, yeye akawajibu, "Nyie chekeni, huyu ananenepa." Makopo akayatunza, na Marcel alipoanza shule baba akawa amestaafu, yakaingia ardhini.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea fimbo kila jioni. Hosiana, anayenifuata, alikuwa mtu wa jikoni na mama. Marcel alikuwa mdogo na mtoro. Kwa hiyo mambo mawili ya baba niliyajua mimi kuliko wote. La kwanza, akibandua udongo kwa fimbo, anaurudisha na kuukanyaga. Ona ajabu hiyo: mji wote huu watu wanachimba na kuacha mashimo wazi mpaka ng'ombe wanatumbukia, yeye anaziba kidonda cha ukubwa wa chapati. La pili, alikuwa akijihesabia mikwaju mwenyewe, na kwenye gofu mikwaju ikizidi ndiyo unashindwa. Akirusha fimbo ikapiga upepo, mpira ukabaki pale pale, basi husema kwa sauti, "Moja." Hata kama hakuna aliyeona. Niliwahi kumwambia, "Baba, hiyo si haikugusa? Tuisamehe." Akanitazama kama nimeiba kuku. "Salvina, nani amsamehe nani? Mkwaju ni wangu, nimeurusha mimi. Moja."

Sasa mchukue mtu kama huyo umweke Maganzo. Kila jioni wanamwona anatembea porini macho chini, anachokoachokoa majani kwa chuma, anainama, anaokota kitu kidogo cheupe, anakipangusa kwenye suruali, anakigeuzageuza, anakitia mfukoni. Maganzo! Mahali ambapo ukiinama kufunga kiatu watu watatu wanainama na wewe! Madalali walimfuata mpaka sebuleni: "Mzee, tuone mzigo." Baba anawatolea mpira wa gofu. Wakaona anawakejeli, wakazidi kuamini. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo linakuja. Nimegombana na watu wangapi kwa jambo hilo! Mama Alois, jirani yetu, nilimnyima salamu mwaka mzima.

Baba alifariki mwezi wa nane mwaka jana, kwa kiharusi. Siku zake za mwisho ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka moja moja. Nilikuwa nimekaa kando yake kitandani, mama ametoka kuchota maji ya kumkanda, akanishika mkono. "Kopo," akasema. "Lipi, baba?" "La tano." Akapumzika. "Litazameni. Chini." Akafumba macho. Kesho yake alfajiri hakuamka.

Nililia, jamani. Nililia mpaka sauti ikakatika, na sioni aibu kulisema, sijapata kuona baba mwema kama yule. Lakini katikati ya kilio, neno lile lilikuwa limeshaingia. Kopo la tano. Litazameni. Chini.

Tulimzika Jumanne. Baada ya maziko mama alitangaza kwamba Jumamosi, kwenye kikao cha kumaliza msiba, atagawa vitu vya marehemu: shuka zake, baiskeli, kiti chake. Fimbo mbili zilikuwa zimeshavunjika. Imebaki moja ya chuma, namba saba, mshikio wake baba aliuviringishia mpira wa baiskeli. "Hiyo," mama alisema, "nitampa mtoto aliyeishika njia ya baba yake." Watu wote wakanigeukia. Sikujifanya kushangaa. Niliitaka fimbo ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nina mashine ya kukoboa mpunga Kagongwa, nina nyumba, sina shida. Nilitaka kitu ambacho mikono yake ilikishika kila siku, na nilitaka nipewe mbele za watu.

Basi Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, waombolezaji bado wamejifunika mablanketi chini ya turubai, nilichukua jembe nikaenda kwenye shimo la tano.

Ndiyo, mimi. Mimi niliyeutukana mji mzima.

Njiani nilijiambia naenda kwa ajili ya mama, ili kama kuna kitu wasikiwahi wengine. Uongo mtupu. Nilitaka kujua. Nilipiga jembe kwenye ule mchanga mweusi alioukoroga na kuushindilia miaka kumi na nane, nikaupasua kama natafuta viazi. Kopo likatoka. Halikuwa na kitako, kimeliwa na kutu chote. Chini yake udongo. Nikachimba. Udongo. Nikachimba mpaka magotini, jasho linanitiririka, udongo. Mara nikasikia kikohozi cha Mama Alois upande wa uzio. Nikalitupa kopo majanini, nikakimbia kama mwizi, jembe nikaliegemeza kwenye banda la mbuzi. Shimo nikaliacha wazi.

Saa mbili mama alikwenda kuangalia kiwanja cha mume wake, kama alivyofanya kila asubuhi tangu augue. Hakupiga kelele. Alirudi, akasimama mbele ya turubai na kanga yake ikiburuzika, akauliza, "Nani amechimba kwa mume wangu?" Kisha akaingia ndani na siku ile hakula.

Baba mdogo Bujiku, ndugu wa baba aliyekuja kutoka Kishapu na ng'ombe wa msiba, alikwenda kukagua. Alichuchumaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, anapukuta udongo kwa vidole. Na yeye alikuwa akiyaamini mawe yale, namjua. Aliporudi alisema, "Huu ni mkono wa mchimbaji. Kikulacho ki nguoni mwako." Wote tukamtazama Marcel.

Marcel anachimba dhahabu Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na sifa yake ni ndefu. Marcel akikwambia kumekucha, chungulia dirishani kwanza. Mwaka juzi alinipigia simu kwamba yuko hoi kitandani Geita, anaomba nauli ya hospitali, na mimi nikimsikiliza namwona kwa macho yangu, yuko ng'ambo ya barabara pale Kagongwa, anakula nyama choma. Kwa hiyo aliposema, "Sijachimba mimi," hakuna aliyeshughulika kumjibu. Mama Alois naye akaongeza chumvi: Jumatano jioni alimwona Marcel kwa macho yake, amesimama kwenye shimo lilelile na begi mgongoni, anaangaza huku na huku. Marcel akaulizwa alikuwa anafanya nini pale. Akainamisha kichwa, akalivuta begi lake karibu.

Nikasema moyoni, kumbe naye alikuwa na lake. Mungu anisamehe, nilifurahi. Siku mbili nilichota maji, nilipika wali wa watu mia, nilipokea rambirambi, na kila nikipita mbele ya Marcel niliangalia sufuria.

Jumamosi baada ya misa tukakaa kikao. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti, mama kwenye mkeka na fimbo imelala mapajani, sisi watoto mbele yao. Baba mdogo hakupoteza muda. "Marcel, umelichimba kaburi la pili la baba yako. Hutapata kitu chochote leo. Na kwenye vikao vya ukoo hutakaa mpaka ulete mbuzi na uombe radhi. Una neno?"

Marcel alisimama. Amekuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, sikuwa nimemwangalia vizuri tangu afike. "Nimechimba maduara mengi, baba mdogo," akasema. "Kwa watu, kwa serikali, kwenye hifadhi nimeshachimba nikakamatwa. Kwa baba sijachimba." Akakaa.

"Haya," baba mdogo alisema. "Mama Salvina, gawa vitu."

Hosiana akapewa kiti. Baiskeli akapewa mtoto wa baba mdogo. Kisha mama akajiinua, magoti yanamsumbua, akaja mbele yangu na kuninyooshea fimbo kwa mikono miwili. "Mama Generosa," akasema. Mama huniita hivyo mbele za watu, kwa jina la binti yangu, kuniheshimu. "Wewe ulimbebea baba yako fimbo tangu ukiwa mtoto wa shule. Pokea."

Nikaona ule mpira wa baiskeli aliouviringisha. Pale kidole gumba kinapokaa palikuwa pamelika, pamebaki kidimbwi kidogo. Mikono yangu ikakataa kwenda.

"Moja," nikasema.

Baba mdogo akauliza, "Moja nini?" Hosiana akanishika bega, akadhani ni majonzi. Mama peke yake hakuuliza. Fimbo akairudisha kifuani.

"Shimo nimechimba mimi," nikasema. "Alhamisi asubuhi. Baba aliniambia nilitazame kopo la tano chini, nikadhani ni mawe. Jembe ni lile la banda la mbuzi. Marcel hajui chochote."

Weee! Kelele zilizoinuka pale! Baba mdogo akanionyeshea kidole, Mama Alois akapiga vigelegele vya kebehi, shangazi mmoja akaanza kulia upya. Mama alisubiri waishe. Kisha akaniuliza polepole, "Ni moja tu?"

Nilifikiria siku mbili zile na sufuria zile. "Mbili," nikasema. "Ya pili ni kunyamaza."

"Mbili," mama akaitikia, kama mtu anayeandika. "Nenda ukazibe shimo la watu." Akampita kila mtu, akaenda kwa Marcel, akamwekea fimbo mapajani. "Hii chukua wewe. Umebebeshwa mzigo usio wako."

"Mayu," Marcel akamwambia mama, "mimi sijui hata kuishika."

"Utajua."

Niliondoka na jembe langu. Ningependa kusema kwamba nilijisikia mwepesi, lakini sikujisikia mwepesi hata kidogo. Nilikuwa na hasira: na mama, na Marcel, na ile fimbo, na mimi kuliko wote. Nilirudisha udongo kwa mateke. Nilipofika kwenye kulitafuta kopo majanini nikasikia mtu nyuma yangu. Marcel, na begi lake mgongoni.

"Dada, shikamoo."

Tangu Alhamisi hatujasalimiana. "Marahaba," nikasema. "Umekuja kunicheka?"

Alifungua begi akatoa kopo la maziwa ya unga, jipya, tupu, limeoshwa likang'aa. "Mwezi wa sita alinipigia simu," akasema. "Aliniambia kopo la tano limeoza chini, mvua ikinyesha linajaa matope. Akasema, 'Wewe ndiye mwenye makopo yako, niletee lingine.' Nikamwambia nimeshalituma kwa basi. Sikuwa nimelituma. Akawa anauliza kila wiki, nami namwambia basi limechelewa, kondakta kalisahau, limefika Kahama. Jumatano nilikuja nilitege kimyakimya. Nikashindwa. Ningewaambia nini waliponiuliza? Kwamba nilimdanganya baba kwa kopo?"

Gashinaga! Kumbe maneno ya mwisho ya baba yangu yalikuwa juu ya kutu. Alikuwa anaomba kopo libadilishwe. Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga wa oili, nikacheka, kisha nikalia, Marcel naye akakaa akalia. Tulikuwa watu wazima wawili wenye akili zao, mmoja alikuwa ameona almasi mahali pa kutu, mwingine alikuwa amelisafirisha kopo kwa mdomo kutoka Geita hadi Kahama.

Tulilitega pamoja. Marcel anajua kushindilia udongo, hilo lazima nimpe. Tulichekecha mchanga mweusi tukautoa mawe, tukausambaza, tukaupiga kwa bapa la jembe mpaka ukawa sawa na zamani, au karibu na zamani. Nikamwacha pale, nikarudi kuosha vyombo.

Jiko letu limepakana na kiwanja. Nilikuwa nimeinamia masufuria, nikainua macho kwenye upenyo wa fito. Marcel alikuwa peke yake kule kwenye shimo la nne. Ameweka mpira chini, ameishika fimbo kama mwiko wa ugali, miguu imepanuka vibaya. Nikataka kupiga kelele, "Kaza kiwiko!" Nikajizuia. Akainua fimbo juu, akairusha kwa nguvu zake zote. Ikapiga upepo. Yeye mwenyewe nusura aanguke, na mpira ukabaki pale pale.

Marcel akageuka kulia. Akageuka kushoto, akatazama nyumbani, akatazama barabarani. Hakuna mtu. Mimi hakuniona.

Akavuta pumzi. "Moja," akasema, kwa sauti, akainama kuuweka mpira sawa.